Jiko la Pampu Nyumbani kwa Kinyozi Stefano

Kila asubuhi Costancia huwasha jiko la mkaa kwenye baraza ya nyuma. Hupika uji, huchemsha chai, kisha humwamsha mumewe kwa kugonga sufuria na mwiko. Mumewe anaitwa Stefano. Ni kinyozi karibu na soko la Kilosa. Stefano ana mkono mwepesi na mdomo usiopumzika. Mteja akiketi kwenye kiti chake hunyolewa nywele na kupewa habari zote za wilaya, za kweli na zile nyingine.

Wiki hiyo nyumba yao ilikuwa na pilikapilika. Binti yao Loveth alikuwa amerudi kutoka Mikumi, anakofanya kazi ya ushonaji. Huko alikuwa amepata mchumba, kijana aitwaye Goodhope. Wazazi wa kijana huyo walikuwa waje Kilosa siku ya Jumamosi kujitambulisha.

"Nataka wale pilau ya kuku," alisema Costancia. "Na maharage ya nazi, na kachumbari."

"Ongeza chapati," alisema Stefano.

"Chapati utasukuma wewe?"

Stefano akasema kachumbari itatosha.

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha usiku kucha, na bati la stoo likavuja. Asubuhi ya Alhamisi Costancia alifungua gunia la mkaa. Alichota mkaa kwa mkono, maji meusi yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Tutumie gesi," alisema Loveth.

Lakini mtungi wa gesi ulikuwa umekwisha. Loveth alikwenda nao dukani, akarudi nao ukiwa mtupu vilevile.

"Gesi hakuna, mama. Lori limekwama. Daraja dogo la njiani limekatika."

Costancia alikaa kwenye kigoda, akashika tama. Stefano yeye alitabasamu. Aliingia chumbani, akapanda juu ya stuli, akashusha boksi la bati lililokuwa juu ya kabati.

"Usiniambie," alisema Costancia.

"Nakuambia," alisema Stefano.

Ndani ya boksi kulikuwa na jiko la pampu la zamani. Lilikuwa na tangi dogo la shaba, miguu mitatu, na kichwa cha moto juu yake. Lilikuwa mali ya marehemu baba yake Stefano. Mzee huyo alikuwa fundi wa reli upande wa Munisagara. Yeye na wenzake walikuwa wakilala kwenye mahema kando ya njia ya treni, na jiko hilo ndilo lililowapikia.

"Hili lilipika ugali wa watu wanane porini," alisema Stefano.

"Hao watu wanane wako wapi sasa?"

"Wamekufa."

"Nilijua."

"Kwa uzee, Mama Loveth! Kwa uzee!"

Stefano aliamua kulijaribu palepale. Nje kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo aliliweka jikoni ndani, dirisha likiwa limefungwa. Alikuta mafuta ya taa kwenye dumu la zamani stooni. Akalijaza tangi mpaka juu kabisa. Akashika pampu, akasukuma. Pampu ilishuka laini, kama kisu kwenye siagi.

"Unaona ilivyo nyepesi?" alisema. "Vitu vya zamani hivi!"

Akawasha kiberiti, akasogeza uso wake karibu ili aone vizuri.

Mwanzoni hapakutokea kitu. Jiko lilitema mate kidogo. Kisha likasema "pu!" na mwali wa njano ukaruka juu, mrefu, wenye moshi mweusi kichwani. Loveth alivuta pazia upande mmoja. Costancia alivuta mume upande mwingine. Kwa bahati njema mwali haukudumu. Ulipungua wenyewe, ukabaki unayumba na kutoa masizi.

Stefano alisimama katikati ya moshi. Nyusi yake moja ilikuwepo. Nyingine haikuwepo.

"Limewaka," alisema.

"Umewaka wewe," alijibu mkewe.

Walifungua dirisha, moshi ukatoka kuelekea kwa jirani. Asubuhi hiyo walikunywa chai yenye ladha ya moshi. Sehemu ya nje ya birika ilikuwa nyeusi, na Loveth aliisugua kwa mchanga mpaka mikono ikauma.

Stefano alikwenda kazini. Wateja walimtazama usoni, wakauliza, naye akawaeleza. Kila mtu akawa fundi. Mmoja alisema jiko linataka chumvi kwenye mafuta. Mwingine alisema lipigwepigwe kwa nyundo, taratibu. Cleopa, dereva wa bodaboda, ndiye aliyeongea kwa uhakika kuliko wote.

"Anko Stefano, hilo jiko limechoka tu. Lipe petroli kidogo, litaamka."

"Una uhakika?"

"Anko, mimi nashinda na petroli kutwa."

Mchana Stefano alirudi nyumbani na chupa ya maji ya kunywa. Ndani hapakuwa na maji. Aliketi mlangoni mwa jikoni, mbele ya jiko, akaanza kufungua mfuniko wa tangi.

Wakati huohuo lango la uani lilifunguliwa kwa kishindo. Aliingia Mwalimu Editha, jirani yao. Mwalimu Editha ni mstaafu. Alifundisha sayansikimu miaka mingi, na hadi leo husahihisha watu barabarani. Mkononi alikuwa na shuka jeupe. Shuka lilikuwa na madoadoa meusi kama chui.

"Nani ananipikia lami?" aliuliza.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema Stefano na Costancia kwa pamoja.

"Marahaba. Nimeuliza, nani ananipikia lami? Mashuka yangu yalikuwa barazani!"

Alinusa hewa. Aliliangalia jiko, akaiangalia chupa.

"Stefano. Hiyo ni nini?"

"Ni dawa ya jiko, Mwalimu. Nimepewa na Cleopa."

"Dawa gani?"

"Ya kuliamsha."

"Ni petroli?"

"Kidogo tu, Mwalimu."

"Weka chini. Funga kizibo. Umeshaimimina?"

"Bado."

"Mshukuru Mungu, na mimi unishukuru baadaye."

Mwalimu Editha aliliacha shuka likaanguka kitini. Sauti yake sasa haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya darasani.

"Nisikilizeni wote. Jiko hili lilitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya taa. Petroli ni kitu kingine kabisa. Hugeuka mvuke haraka, na mvuke huo hausubiri uulete kwenye moto. Wenyewe huufuata moto ulipo. Ukiweka petroli kwenye tangi hili, kisha ukapampu hewa, kisha ukawasha, hilo si jiko tena. Ni bomu lenye miguu mitatu."

Stefano aligusa mahali nyusi yake ilipokuwa. Costancia alimtazama mumewe, kisha binti yake, kisha pazia lililoungua pembeni.

"Loveth," alisema, "mrudishie Cleopa chupa yake. Ishike mbali na moto. Mwambie petroli aiweke kwenye pikipiki, asiiweke kwenye vichwa vya watu."

Loveth alikwenda. Mwalimu Editha akakunja mikono ya gauni lake.

"Sasa huyu mgonjwa tumtoe kwenye hewa. Jiko hili haliwashwi chumba kilichofungwa. Moshi wake ni sumu. Costancia, njoo ushike wewe, maana wewe ndiye mpishi. Stefano, kalete bakuli, na usilete maneno."

Manyunyu yalikuwa yamekatika. Waliketi chini ya paa la baraza, mahali palipo wazi.

"Jambo la kwanza," alisema Mwalimu. "Mafuta haya mmeyatoa wapi?"

"Kwenye dumu la zamani, stooni," alisema Stefano.

"Stoo ile inayovuja?"

Costancia alimimina mafuta kidogo kwenye chupa safi ya kioo. Waliyaacha yatulie. Baada ya muda maji yalionekana chini ya chupa, na mafuta yakawa juu.

"Ndiyo maana lilikuwa linatema," alisema Mwalimu. "Lilikuwa linakunywa mvua. Toeni yote. Mtaweka mafuta mapya, na mtayachuja kwa kitambaa safi."

Kisha alimwambia Costancia asukume pampu. Ilishuka laini kama ile asubuhi.

"Unasikia ukinzani wowote?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ni kosa hilo. Pampu nzima hukusukuma na wewe. Hii haisukumi hewa."

Costancia alifungua pampu, akavuta fimbo yake nje. Mwishoni mwa fimbo kulikuwa na kipande cha ngozi chenye umbo la kikombe. Kilikuwa kimekauka na kukakamaa.

"Hii ngozi ikikauka inasinyaa, hewa inapita pembeni. Inataka mafuta laini. Mna mafuta ya cherehani?"

"Nina mafuta ya mashine ya kunyolea!" alisema Stefano, akafurahi kwamba hatimaye ana kitu.

"Yatafaa. Umefaulu swali moja."

Costancia alidondosha mafuta kwenye ngozi, akaikanda kwa vidole mpaka ikalainika. Alipoirudisha, pampu ilisukuma mkono wake. Costancia akacheka kwa mshangao.

"Sasa kitundu," alisema Mwalimu. Alionyesha kitundu kidogo sana katikati ya kichwa cha moto. "Mafuta hutokea hapa yakiwa mvuke. Kikiziba kidogo tu, mwali hulala upande. Kuna kifaa cha kuzibulia, waya mwembamba wenye mpini wa bati. Huwa kwenye boksi."

Walitafuta kwenye boksi. Hakikuwepo.

"Nilete sindano?" aliuliza Costancia.

"Hapana. Sindano ya kushonea ni nene, itapanua kitundu. Kikipanuka, moto haurekebishiki tena."

Stefano alifunika mfuko wa shati lake kwa kiganja. Mkewe akamgeukia.

"Baba Loveth. Kile kiwaya chako cha kuchokonolea meno."

"Kiwaya gani?"

"Kile chenye mpini wa bati."

Stefano aliingiza mkono mfuko wa shati taratibu, akakitoa. Mwalimu Editha alikiangalia kwa muda mrefu.

"Miaka mingapi?" aliuliza.

"Tangu msiba wa baba," alisema Stefano kwa sauti ndogo.

Walikiosha kwa sabuni na maji ya moto, wakakipangusa. Costancia alikipitisha kwenye kitundu. Punje nyeusi ya masizi ilitoka.

Mwisho Mwalimu aliagiza povu la sabuni. Walifunga tangi na kupampu kidogo, bila kuwasha. Kisha Costancia alipaka povu kwenye mfuniko na kwenye viungo vyote.

"Tunatafuta mahali panapovuja," alisema Mwalimu. "Msitafute kamwe kwa kiberiti."

Viungo vilikuwa vizima. Lakini kwenye mfuniko povu lilianza kuvimba na kupasuka, kama mtoto anayepuliza mate. Mpira wa ndani ya mfuniko ulikuwa umepasuka.

"Nikate kipande cha kandambili?" aliuliza Stefano.

"Mpira wa kandambili ukikaa na mafuta ya taa huvimba na kuoza. Tafuteni mpira wake hasa. Sokoni kuna Marko, fundi wa karabai. Taa za karabai nazo zina pampu na tangi. Mpira ni wa aina hiyohiyo."

Loveth, aliyekuwa amerudi, alitoka tena na ule mfuniko mkononi. Alirudi na mpira mpya, mafuta ya taa mapya, na chupa ndogo ya spiriti kutoka duka la dawa.

"Sasa tunawasha," alisema Stefano, akachukua kiberiti.

"Unawasha nini?"

"Jiko."

"Limepashwa?"

Stefano alirudisha kiberiti chini.

"Hapa ndipo ulipopoteza nyusi," alisema Mwalimu. "Kichwa cha moto lazima kiwe cha moto kwanza. Kikiwa baridi, mafuta hutoka yakiwa maji, na mwali unakuwa wa njano wenye masizi. Kikiwa cha moto, mafuta hugeuka mvuke, na mwali unakuwa wa bluu."

Costancia alijaza tangi, lakini si mpaka juu. Aliacha nafasi ya robo tangi kwa ajili ya hewa. Aliilegeza skrubu ya hewa, ile ndogo juu ya tangi inayotoa hewa nje. Alimimina spiriti kwenye kisahani kidogo chini ya kichwa cha moto, akafunga chupa, akaipeleka mbali. Kisha akawasha, uso wake ukiwa nyuma.

"Mchana mwali wa spiriti hauonekani vizuri," alionya Mwalimu. "Msidhani haujawaka, mkaongeza nyingine."

Walisubiri. Stefano alipandisha pumzi, akashusha pumzi.

"Bado?" aliuliza.

"Bado."

Spiriti ilipokaribia kwisha, Mwalimu alimwambia Costancia afunge skrubu ya hewa na asukume pampu taratibu. Jiko lilikohoa mara moja. Kisha likaanza kuvuma, "vuuuu," na mwali wa bluu ukasimama kuzunguka kichwa cha moto, mfupi na mkali.

Stefano alivua kofia.

"Ndivyo lilivyokuwa likivuma," alisema. "Nilikuwa nalisikia kutoka kwenye hema la baba, nikiwa mtoto."

Safari hii hakuna aliyemtania.

Mwalimu Editha aliwaonyesha namna ya kulizima: ukifungua skrubu, hewa inatoka kwa mlio, na moto unakufa. Kisha akawaambia jambo moja kwa msisitizo. Mafuta hayaongezwi jiko likiwa linawaka, wala likiwa la moto. Lizimwe, lipoe mpaka uweze kuligusa, ndipo lifunguliwe. Baada ya hapo alichukua shuka lake.

"Hili atalifua Stefano," alisema, akaondoka.

Jumamosi ilifika. Costancia alipika maharage na kuku tangu asubuhi, kwenye baraza, mbali na pazia. Sufuria zilibaki safi chini. Kabla ya wageni kufika alimwita mumewe, akamchora nyusi iliyokosekana kwa wanja.

"Usijifute uso," alimwambia.

Wageni walikuja saa za mchana, wakiwa wamevuka kwa miguu pale darajani. Mzee Vitalis alikuwa mrefu, mwenye macho makali na maneno machache. Mkewe, Mama Agnesi, alicheka kwa urahisi. Goodhope alitembea nyuma yao kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Aliwaamkia wakubwa wote, akamwamkia na Loveth kwa bahati mbaya.

Stefano hakuweza kukaa sebuleni. Aliwapeleka wageni barazani kuona jiko.

"Mvuke, mkwe wangu!" alieleza. "Yote ni mvuke!" Alikuwa anatoka jasho. Wanja ulianza kushuka. Nyusi ilifika shavuni. Mama Agnesi aligeuka upande, mabega yakimtikisika.

Costancia aliweka mchele kwenye sufuria. Maji yalikuwa yameanza kuchemka tu, jiko lilipopunguza mvumo. Alipampu kidogo. Halikupanda. Alilitikisa kidogo akasikia tangi tupu.

"Lakini nilijaza vya kutosha!" alimnong'oneza mumewe.

Stefano alitazama kuku wa jirani waliokuwa wakipita.

"Baba Loveth?"

"Niliwasha asubuhi, uliposhuka kisimani. Niliwaonyesha kina Marko."

"Ulilionyesha muda gani?"

"Mpaka walipoamini."

Mwali ulikuwa mdogo sasa, lakini ulikuwa hai. Mchele ulikuwa majini. Wageni walikuwa wamesimama palepale. Stefano alishika dumu la mafuta, akalisogeza.

"Tuongeze haraka," alinong'ona. "Kidogo tu. Wakwe wanatazama."

Costancia naye aliona aibu. Aliuona mchele unalowa. Aliliangalia dumu. Kisha akalichukua kutoka mkononi mwa mumewe, akalipeleka mwisho wa baraza. Akarudi, akafungua skrubu ya hewa. Jiko lilitoa mlio, moto ukafa.

"Wakwe zetu," alisema, "mtatuwia radhi. Mafuta yamekwisha, na jiko likiwa la moto haliongezwi. Tutasubiri lipoe. Chakula kitachelewa."

Goodhope alitazama viatu vyake. Mzee Vitalis alilitazama jiko, akamtazama Costancia. Akaanza kukunja mkono wa shati lake, polepole, mpaka juu ya kiwiko. Ngozi ya mkono wake ilikuwa imekunjamana na kung'aa, kovu refu la moto.

"Nilikuwa mpishi wa kambi za watalii kule Mikumi," alisema. "Wageni walikuwa na njaa. Mimi nikaona aibu kuwachelewesha. Nikaongeza mafuta jiko likiwaka." Alishusha mkono wa shati. "Mume wako aliposhika dumu, nilitaka kupiga kelele. Ulipolichukua, nikashusha pumzi."

Stefano alijifuta uso kwa kiganja. Wanja ukaenea shavu zima.

"Mkwe," alisema, "mimi ndiye niliyetaka kuongeza."

"Nimekuona," alisema Mzee Vitalis. "Loveth amelelewa na mama huyu?"

"Na huyuhuyu."

"Basi mimi sina swali jingine."

Mama Agnesi hakuweza kujizuia zaidi. Aliangua kicheko, akatoa leso, akampa Stefano afute shavu. Wote wakacheka, hata Goodhope. Wakaketi kwenye mkeka wakingoja jiko lipoe. Walizungumza juu ya mashamba, juu ya mvua, juu ya watoto wangeishi wapi. Mambo ambayo kwa kawaida huchukua ziara tatu yalimalizika kabla ya jiko kupoa.

Kisha Costancia alijaza mafuta, akapasha, akawasha. Mwali wa bluu ukavuma. Pilau iliiva ikiwa imeshikamana kidogo, lakini Mzee Vitalis aliomba sahani ya pili, akakomba sufuria.

Daraja lilitengenezwa na gesi ikarudi madukani. Costancia aliliweka jiko la pampu kwa ajili ya siku za mvua, na Goodhope na Loveth wakapanga siku ya harusi. Mtaani watu walisikia habari ile. Asubuhi moja jirani yao Shamimu alikuja na jiko kama lile, alilorithi kwa bibi yake. Alikuwa na kiberiti mkononi.

"Dada Costancia, nifundishe kuliwasha."

Costancia alimkaribisha barazani. Alichukua kile kiberiti, akakiweka mbali.

"Kwanza," alisema, "nionyeshe utalizima vipi."

Shamimu alilizungusha jiko, akalitazama huku na huku, akagusa pampu, akagusa mfuniko. Mwishowe kidole chake kikatua kwenye skrubu ndogo ya hewa.

"Hapa?"

"Hapohapo," alisema Costancia. "Sasa kaa, tuanze."